Ule wapi Athens: mayirio, suvlatzidiko, taverna, psarotaverna au mezedopolio?

Mtu akiuliza ale wapi Athens, watu humtajia mtaa: nenda Psyrri, kwepa Plaka, panda treni mpaka Piraeus. Ushauri huo si mbaya, ila unaanzia mbali. Swali la kwanza ni saa ngapi unataka kula. La pili ni chakula unachokitaka kinaivia wapi: kwenye sufuria, kwenye oveni, kwenye mkaa au kwenye kikaango. Kila aina ya nyumba ya chakula ya Kigiriki ina saa yake na moto wake. Ukiingia mayirio, yaani nyumba ya vyakula vya sufuria na oveni, saa tatu usiku, utauziwa musaka iliyopashwa. Ukiingia taverna ya nyama saa kumi na mbili jioni, utamkuta mpishi ndiyo kwanza anawasha mkaa. Kosa halitakuwa la nyumba, ni wewe uliyefika saa isiyo yake.

Waathens hula chakula cha mchana kati ya saa saba na saa kumi, na cha usiku kuanzia saa tatu, wakati mwingine saa nne. Kati ya saa kumi na saa mbili usiku majiko mengi hupoa. Saa hizo kinachofanya kazi kwa nguvu ni suvlatzidiko (duka la mishikaki), mezedopolio (nyumba ya vinywaji na visahani) chache, na mikahawa ya watalii inayopika mfululizo.

Mchana: mayirio au suvlatzidiko

Mayirio ni jiko la sufuria na sinia. Wapishi huanza alfajiri, na ikifika saa sita mchana kila kitu kiko nyuma ya kioo: pastitsio (makaroni ya oveni yenye nyama ya kusaga), musaka, yemista (nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali), maharage makubwa ya yigandes kwenye rojo la nyanya, bamia, maharage mabichi, supu ya dengu, supu ya adesi. Huhitaji menyu. Unakwenda kwenye kioo, unaonyesha kwa kidole, unakaa. Wenyeji hufanya hivyohivyo na hakuna anayekuona mshamba.

Hapa wageni hukosea jambo moja. Mboga na maharage yaliyopikwa kwa mafuta mengi ya zeituni, yaani ladera, huletwa yakiwa vuguvugu au yamepoa kabisa. Hayajasahaulika jikoni, ndivyo yanavyoliwa, kwa sababu ladha ya mafuta, nyanya na bizari mbichi (dill) hutokeza vizuri chakula kikishatulia. Mafuta yanayobaki chini ya sahani ni ya kuchovya mkate. Sahani ya ladera, kipande cha jibini ya feta na mkate ni mlo kamili, na kwa asiyekula nyama hakuna nyumba itakayomtendea vizuri kuliko hii. Ukitaka kisicho na maziwa wala mayai, neno la kutumia ni nistisimo, yaani chakula cha mfungo wa Kiorthodoksi. Lakini neno hilo haliondoi pweza, ngisi wala kome, kwa kuwa kanisa linaviruhusu wakati wa mfungo. Asiyekula kiumbe chochote lazima aseme hivyo wazi.

Musaka ndiyo kipimo cha mayirio. Chini kuna bilinganya (mara nyingi na viazi), katikati nyama ya kusaga, juu sosi nzito ya maziwa, unga na mayai. Kipande kizuri hukaa wima kwenye sahani na tabaka zake zikihesabika. Kikiporomoka, kimekatwa kabla sinia haijapumzika. Kikiacha dimbwi la mafuta, bilinganya zilikaangwa kwenye mafuta yasiyoshika moto zikayanyonya. Sosi ikiwa imekakamaa pembeni huku katikati ni baridi, hiyo imetoka kwenye mikrowevu. Ndiyo maana musaka huliwa saa saba au saa nane mchana, siku ileile iliyopikwa. Mayirio nyingi hufunga jioni na Jumapili. Ukiikuta saa kumi imebakiwa na sinia mbili tu, hiyo ni dalili njema, ila wewe umechelewa.

Eneo la kuanzia ni kando ya soko la Varvakios, mtaa wa Athinas, ambako wachuuzi wenyewe hula. Diporto, iliyo chini ya ardhi kwenye kona ya mitaa ya Sokratous na Theatrou, haina bango wala menyu. Unaletewa kilichopikwa siku hiyo, mara nyingi supu ya dengu, pamoja na mvinyo kutoka kwenye mapipa yaliyopangwa ukutani. Meza zikijaa, utakaa na usiowajua.

Suvlatzidiko ni jambo jingine kabisa: mishikaki na gyros, kwa mkono au kwa sahani. Hapa kuna maamuzi matatu na yote hufanyika kaunta kwa sekunde chache, kwa hiyo uyajue kabla foleni haijakufikisha.

Kwanza ni nyama. Usiposema lolote utapewa nguruwe. Hirino ni nguruwe, kotopulo ni kuku, moshari ni ng'ombe, arni ni kondoo. Kebabu ni nyama ya kusaga, mara nyingi ya ng'ombe na kondoo, lakini mchanganyiko hutofautiana, hivyo uliza. Anayeepuka nguruwe kwa sababu ya dini ajue pia kwamba pita zote (mikate bapa ya kufungia nyama) hupashwa kwenye bamba moja na mishikaki yote hupita kwenye mkaa uleule. Kuagiza kuku hakumalizi suala. Kwake psarotaverna, nyumba ya samaki, ni salama zaidi.

Pili ni umbo. Kalamaki ni mshikaki wa kijiti, vipande vizima vya nyama. Gyros ni vipande vyembamba vinavyochongwa kwenye rundo linalozunguka wima. Vyote viwili huwekwa ndani ya pita iliyosokotwa au huletwa kama merida, sahani yenye chipsi, pita, nyanya na kitunguu. Tatu ni vikolezo: "ap' ola" maana yake tia vyote, yaani nyanya, kitunguu, tzatziki (mtindi wenye tango na kitunguu saumu) na chipsi humohumo ndani ya pita. Kuku kwa kawaida hutiwa sosi nyingine, laini ya manjano, badala ya tzatziki. Ukitaka tzatziki kwa kuku, sema.

Gyros ina saa zake kuliko kalamaki. Rundo likiwa jipya, nje bado halijakauka na nyama haina ule ukingo uliokolea. Likikaa bila wateja, kilichochongwa hulala kwenye trei ya chini kikaendelea kukauka. Simama uangalie mteja aliye mbele yako: mchongaji akikata kwa kila oda, kaa kwenye foleni, akichota kutoka kwenye trei, agiza kalamaki, kwa kuwa mshikaki unapochomwa mbele yako hauna pa kujificha. Pita nayo iwe imepakwa mafuta na kupashwa. Ikiwa baridi itapasuka ukiikunja na tzatziki itaishia kwenye kiwiko chako.

Kwa bei, sahani moja ya mayirio hugharimu takribani sawa na pita mbili, na mtu mzima mwenye njaa hula pita mbili. Kwa hiyo usichague kwa bei. Chagua kwa muda: pita ni dakika kumi umesimama, mayirio ni nusu saa umekaa. Ukikalia kiti cha suvlatzidiko uangalie menyu tena, maana nyingi zina bei moja ya kuondoka nayo na nyingine ya kuhudumiwa mezani. Tofauti hii huonekana zaidi kwenye mikahawa ya kebabu ya mtaa wa Mitropoleos, karibu na kituo cha Monastiraki, ambako meza zimejaa barabarani na watu hukaa bila kuuliza.

Usiku: taverna, psarotaverna au mezedopolio

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu nyumba zote tatu zina vitambaa vya karatasi mezani, mkate kwenye kikapu na bakuli la tzatziki. Tofauti iko kwenye kinachoongoza mlo: taverna inaongozwa na nyama ya mkaa, psarotaverna na mizani ya samaki, mezedopolio na chupa.

Taverna inafaa watu wanne au zaidi. Chakula huwekwa katikati na kila mtu huchota. Jiko halifuati mpangilio wa cha kwanza na cha pili, kilichoiva kinakuja. Ukitaka nyama ije baada ya saladi kuisha, agiza kwa mafungu: kwanza vya baridi na vya kukaanga, kisha nyama vile vya kwanza vikifika nusu. Wahudumu wamezoea. Kwa watu wanne, saladi moja, vya kuchovya viwili, vya moto viwili, chipsi sahani moja na nyama ya watu wawili au watatu vinatosha. Kila kundi jipya huagiza nyama nne, na ya nne hurudi jikoni ikiwa nzima.

Nyama ya kuagiza taverna ni paidakia, mbavu za mwanakondoo zilizokatwa nyembamba na kuchomwa kwenye mkaa kwa chumvi na origano, halafu limau. Huuzwa kwa kilo: kilo moja kwa watu watatu, au wanne ikiwa meza ina vitu vingine. Unene ndio siri yake. Zikiwa nyembamba, mafuta hukauka yakawa na ukingo wa kutafuna. Zikiwa nene huliwa kwa kisu kama nyama ya hoteli. Huliwa kwa vidole. Mikahawa ya Vari, kusini mwa mji, inajulikana kwa nyama, ila hakuna sababu ya kwenda huko kama huna gari. Mitaa ya Petralona, Koukaki na Pangrati ina taverna za kutosha.

Saladi ya kijijini, horiatiki, ni nyanya, tango, kitunguu, hoho, zeituni na kipande kizima cha feta juu. Majani ya saladi hayamo. Feta tangu mwaka 2002 ni jina linalolindwa katika Umoja wa Ulaya: ni ya maziwa ya kondoo, na ya mbuzi yasizidi asilimia 30. Jibini nyeupe ya ng'ombe inayomomonyoka kama chaki haistahili jina hilo. Lakini horiatiki ni ya kiangazi. Januari nyanya hazina ladha popote, hata kwa mpishi bora. Agiza kabichi kwa limau, letasi na bizari mbichi, au horta, majani ya porini yaliyochemshwa. Taverna ya mtaani itakuambia yenyewe usichukue nyanya. Ile ya watalii haitakuambia.

Saganaki, jibini iliyokaangwa, huletwa ikichemka kwenye kikaango kidogo chenye mikono miwili. Kamua limau ule papo hapo, kwa sababu ndani ya dakika tano inagandamana. Mambo ya kuimwagia pombe na kuiwasha moto mezani ni ya Chicago. Ukiyaona Athens, ujue ni maonyesho ya wageni.

Psarotaverna ndiyo nyumba yenye furaha kubwa na bili ya kushtua kuliko zote, na yote mawili yanatokana na mizani. Samaki mkubwa huandikwa kwenye menyu bei ya kilo, na anapimwa mbichi. Mhudumu anayekuambia "nitawaletea samaki mzuri" bado hajakuambia bei. Utaratibu ni huu: simama, nenda kwenye barafu, chagua samaki, apimwe ukiona, uliza jumla yake kwa yuro kabla hajapelekwa jikoni. Hakuna ukosefu wa adabu hapo. Kadiria gramu 300 hadi 400 za samaki mzima kwa kila mtu. Samaki wa kilo moja hulisha wawili wenye njaa au watatu wenye meza iliyojaa vitu vingine.

Macho yawe yamejaa na angavu, mashavu mekundu kwa ndani, nyama irudi ukiibonyeza. Samaki aina ya tsipura na lavraki walio na ukubwa uleule, kama gramu 400 kila mmoja, wamefugwa. Ni wazuri na bei nafuu, ilimradi usilipishwe bei ya samaki wa kuvuliwa, ambayo mara nyingi hupita yuro 60 kwa kilo. Barbunia, ndugu wa mkundaji wetu, hukaangwa mzima na ana nyama tamu kuliko ukubwa wake.

Asiyetaka kucheza na mizani ana njia iliyo bora kuliko samaki mkubwa, na wenyeji wengi huifuata: samaki wadogo wa sahani. Sardini za kuchoma, gavros (dagaa wa jamii ya anchovi) wa kukaanga, marida, samaki wadogo wanaoliwa na vichwa vyao. Bei ni ya sahani, haibadiliki, na sardini wananona zaidi Julai na Agosti. Ongeza horta, fava (rojo zito la njegere kavu) ya manjano, mkate wa kuchoma. Meza ya watu wanne hushiba kwa gharama ya samaki mmoja mkubwa.

Angalia nyota ndogo kando ya jina kwenye menyu. Sheria ya Ugiriki inataka chakula kilichogandishwa kiainishwe, na kwa kawaida huwekwa nyota au ufupisho "kat." Ngisi na kamba wengi watakuwa nayo wakati wa kiangazi, kwa sababu meli za nyavu za kukokota husimamishwa miezi hiyo. Kwa ngisi wa kukaanga nyota ni hasara: hutoa maji, unga hulowa. Kwa pweza si kasoro, kwani kugandishwa huvunja nyuzi za nyama yake na kumlainisha. Pweza mgumu ni wa haraka ya mpishi. Asiyetumia pombe aulize pia, maana pweza na hata kitoweo cha nyama mara nyingi huchemshiwa mvinyo.

Mahali? Mikrolimano, Piraeus, meza ziko juu ya maji na mandhari hayo yamo ndani ya bei. Unashuka kituo cha Neo Faliro cha njia ya 1 ya metro na kutembea. Kaisariani, mtaa wa mashariki uliojengwa na wakimbizi waliotoka Asia Ndogo mwaka 1922, hauna bahari wala metro, lakini una mikahawa ya samaki ambayo watu wa Athens wenyewe hupanda basi kuifuata. Ukienda kwa ajili ya samaki, nenda Kaisariani. Ukienda na mchumba, Mikrolimano.

Mezedopolio, au uzeri, inafaa watu wawili hadi wanne wasio na haraka na wasio na njaa kali. Unaagiza pombe kali, uzo au tsipuro, kawaida kichupa cha mililita 200 kwa watu wawili, na visahani vinafuata. Uzo ina kilevi cha asilimia 37.5 au zaidi, kwa hiyo haigugumiwi: mimina uzo, kisha maji, ndipo barafu. Maji huigeuza nyeupe kwa kuwa mafuta ya anisi yaliyoyeyuka kwenye kilevi hujitenga. Barafu ikitangulia, mafuta hayo huganda kuwa vichembe juu ya glasi. Ladha ya anisi hutaka chumvi na siki: gavros waliolazwa kwenye siki, pweza, taramosalata. Hii ya mwisho, ya mayai ya samaki, iwe nyeupe au rangi ya krimu. Ile ya waridi iliyokolea imetiwa rangi.

Kosa la mezedopolio ni kuidharau kwa sababu sahani ni ndogo. Sahani kumi ndogo zinazidi bili ya taverna bila mtu kushtuka. Anza na mbili kwa kila mtu, ongeza moja moja. Na usimpeleke huko mtu aliyeshinda njaa tangu asubuhi. Atakula mkate wote na kulalamika.

Kuna pia mikahawa ya kisasa inayopika vyakula hivihivi kwa sahani za kisanii. Weka nafasi mapema, soma menyu mtandaoni, na usitarajie kugawana kwa urahisi.

Meza ya nani?

Watoto: taverna, au psarotaverna yenye chipsi. Mgeni mmoja peke yake: mayirio mchana, suvlatzidiko usiku, maana taverna inamwonea mtu mmoja kwa ukubwa wa sahani. Kundi lenye wala nyama, wasiokula nyama na wasiokunywa pombe: taverna yenye orodha ndefu ya vya kuanzia, si mezedopolio. Waliotoka kwenye feri saa tisa usiku: suvlatzidiko iliyo wazi karibu, hakuna mjadala.

Plaka isihukumiwe yote. Dalili mbaya ni mtu wa mlangoni anayekuita, picha za chakula zilizofifia kwa jua, na menyu yenye pasta, piza na musaka kwa pamoja. Mkahawa usio na hayo, hata chini ya Akropoli, unaweza kuwa mzuri.

Bili

Mkate huletwa bila kuagizwa na hulipiwa, kwa kawaida kwa kichwa. Usioutaka urudishe mara moja. Maji ya bomba ya Athens yanafaa kunywa, hivyo ukiomba ya jagi si aibu. Mvinyo wa nyumba huja kwa jagi la nusu lita au lita. Retsina, iliyotiwa utomvu wa msonobari, inalala vizuri kando ya samaki wa kukaanga na ladera, na vibaya kando ya kitu kitamu.

Bili haiji mpaka uiombe, kwa sababu kumletea mteja bila kuomba ni kumfukuza. Baada ya kuiomba huweza kuja halva, tunda au glasi ya tsipuro ya bure. Ndiyo sababu wengi hawaagizi kitindamlo. Kodi imeshaingizwa kwenye bei. Bakshishi ni hiari, asilimia 5 hadi 10, na ibaki taslimu mezani hata ukilipa kwa kadi. Risiti ni haki yako: menyu za Ugiriki hubeba tangazo la kisheria kwamba mteja halazimiki kulipa kama hajapewa risiti. Ipitie, hasa mstari wa samaki, ulinganishe na uzito uliouona kwenye mizani.

Mwisho, kalenda. Katikati ya Agosti, kuelekea sikukuu ya tarehe 15, taverna na mayirio nyingi za mitaani hufunga kwa wiki kadhaa wenyewe wakiwa visiwani, na zinazobaki wazi ni za katikati ya mji. Jumatatu ya kuanza Kwaresima ya Kiorthodoksi nyama hukaa pembeni na kila psarotaverna hujaa, kwa hiyo meza ishikwe siku kadhaa kabla. Jumapili mchana taverna hujaa familia kuanzia saa nane. Fika saa saba na nusu, kabla ya bibi na wajukuu, na mkaa utakuwa umeshashika.